Tone la Zambarau: Vichocheo Vinavyoamua Plastiki Itakuwa Nini

Mwezi wa Julai, Nairobi huamka chini ya wingu zito la kijivu, na katika karakana za Kariobangi baridi hiyo haiumizi vidole tu, bali huchelewesha kazi yenyewe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nilipoanza kibarua katika karakana moja iliyotengeneza bampa na vibao vya ndani vya matatu kwa fibaglasi. Asubuhi ninayoikumbuka zaidi ni ile ambayo bampa tuliyoipaka resini, yaani majimaji mazito yanayoganda kuwa plastiki, saa mbili ilikuwa bado inanata saa nne na nusu, kama asali iliyomwagwa juu ya mkeka wa nyuzi za kioo. Fundi mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, aliigusa kwa ncha ya kidole, akaninyooshea kidole hicho nikione kilivyolowa, akasema, "Kijana, resini haina kosa. Umeipa dawa ya Januari mwezi wa Julai."

Dawa aliyoisema ilikuwa ya chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa na majimaji mazito ya zambarau iliyokolea, na hiyo ndiyo kobalti. Ya pili ilikuwa angavu kama maji ya kunywa, na hiyo ndiyo hadina. Tulianza na kobalti, matone machache ndani ya kopo la resini, tukakoroga mpaka rangi ya waridi iliyofifia ienee kote, ndipo tukavuta hadina kwa bomba la sindano lisilo na sindano: mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya resini, kulingana na joto la siku hiyo. Baada ya hapo unakimbizana na saa. Kwa robo saa hivi resini ni majimaji yanayotii brashi. Halafu, bila kukupa taarifa, inakuwa jeli, brashi inaanza kuvuta nyuzi, na kopo ulilolishika linapata moto mpaka unalazimika kuliweka chini. Kilichobaki kwenye kopo huwa kimegeuka jiwe la rangi ya kaharabu, wakati mwingine likiwa na nyufa zilizotokana na joto lake lenyewe.

Nilitumia miaka miwili katika kazi hiyo kabla ya kwenda kusoma kemia, na jambo la kwanza nililolitafuta vitabuni lilikuwa ni nini hasa hutokea ndani ya kopo lile. Hadina ni peroksaidi, yaani molekuli yenye atomu mbili za oksijeni zilizoshikana kwa kifungo dhaifu. Kobalti huipa elektroni moja, kifungo kinakatika, na kinachozaliwa ni kipande chenye elektroni isiyo na mwenzake, ambacho hakitulii mpaka kishike molekuli iliyo karibu ya staireni, majimaji mepesi yaliyomo ndani ya resini. Staireni hiyo nayo hushika nyingine, nyingine hushika mnyororo wa poliesta, yaani molekuli ndefu za resini yenyewe, mpaka minyororo iliyokuwa ikielea kila mmoja peke yake inafungwa pamoja kama nyavu za mvuvi. Wakati huohuo kobalti, iliyopungukiwa na elektroni, hupata nyingine kutoka kwa molekuli nyingine ya peroksaidi, ikarudi ilivyokuwa na kuanza tena. Hadina humalizika na vipande vyake hubaki ndani ya bampa. Kobalti huenda na kurudi bila kwisha.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu karakanani chupa iliyoitwa kichocheo ilikuwa ya hadina, na ndivyo inavyoitwa katika karakana nyingi hata leo. Kwa maana kamili ya neno, kichocheo ni ile ya zambarau. Mswidi Jöns Jacob Berzelius, aliyelipa jambo hili jina mwaka 1835, alikuwa akizungumzia vitu vinavyoamsha mageuzi ya kikemia bila vyenyewe kutumika. Kwetu mtu anayefanya kazi ya namna hiyo ni mshenga: huenda nyumba moja, akaenda ya pili, akazifanya zikubaliane jambo ambalo pengine zisingelifikia peke yake, kisha siku ya harusi yeye haolewi wala haoi, bali tayari anatumwa kwingine. Kitu ambacho vitabu vya shule huharakisha kukipita ni kwamba mshenga haharakishi ndoa tu. Namna alivyolibeba neno huamua ni ndoa ya aina gani itafungwa. Katika plastiki hilo ndilo jambo kubwa, na ndilo lililonifanya niandike.

Nikipanda juu ya paa la jengo ninaloishi Umoja, naona tangi jeusi la maji, bomba jeusi linaloshuka ukutani, mitungi ya njano iliyopangwa ikisubiri siku ya maji, gunia la makaa lililofumwa kwa nyuzi za plastiki na kiti cha plastiki kilichovunjika mguu. Watu wengi wangesema vyote ni plastiki na kuishia hapo. Ukweli ni kwamba tangi, bomba na mitungi vimetokana kwa sehemu kubwa na gesi moja, ethilini, na kiti pamoja na gunia vimetokana na ndugu yake wa karibu, propilini. Kilichovitenga hivyo, kimoja kikawa kigumu na kingine kikakubali kupinda, ni kichocheo kilichotumika, pamoja na kiasi kidogo cha gesi nyingine zilizochanganywa.

Ethilini yenyewe ni gesi isiyopenda kusumbuliwa. Mwaka 1933, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, waliibana kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja lile la hewa ya kawaida, wakakuta ndani ya chombo unga mweupe mfano wa nta. Hiyo ndiyo polithini ya kwanza iliyoleta kiwanda. Ilichukua zaidi ya miaka miwili kuipata tena kwa uhakika, maana kilichoianzisha kilikuwa oksijeni kidogo sana iliyokuwa imeingia bila mtu kujua. Minyororo inayozaliwa katika shinikizo hilo huwa na matawi mengi kama mti wa mwiba, kwa hiyo haipangiki vizuri, na plastiki yake huwa laini na nyepesi. Ilifaa sana kuzungushiwa nyaya za rada wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Miaka 20 baada ya unga ule wa Winnington, katika taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe huko Mülheim, Ujerumani, Karl Ziegler alikuwa akijaribu kurefusha minyororo ya ethilini kwa msaada wa misombo ya alumini. Siku moja jaribio lilikataa: badala ya mnyororo mrefu, walipata molekuli mbili tu za ethilini zilizoungana na kusimama hapo. Wangeweza kulitupa matokeo hayo. Walichofanya ni kutafuta sababu, wakaikuta katika mabaki ya nikeli ndani ya chombo chenyewe, masalia ya kazi iliyotangulia. Ikiwa metali moja kwa kiasi kidogo hivyo inaweza kuukata mnyororo, walijiuliza, metali nyingine inaweza kufanya nini? Wakaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine, na mwaka 1953 wakafikia titani pamoja na alumini. Ethilini iliyokuwa imehitaji shinikizo la kutisha sasa iligeuka plastiki ndani ya chombo cha kioo, katika shinikizo la hewa ya kawaida, na minyororo yake ilikuwa imenyooka karibu bila matawi. Kila ninapofikiria historia ya kemia narudi kwa kile chombo kichafu, na kwa watu waliouheshimu uchafu wake kiasi cha kuuhoji.

Mwaka uliofuata, Giulio Natta wa Milano alikitumia kichocheo cha namna hiyo kwa propilini. Propilini ina kijitawi kimoja kwa kila kiungo cha mnyororo. Vijitawi hivyo vikielekea ovyo unapata kitu chenye kunata kisicho na kazi kubwa, lakini vikipangwa vyote upande mmoja, mnyororo hujisokota vizuri na kukaa na wenzake, ukapata polipropilini ngumu inayoyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 160 za Selsiasi. Kichocheo ndicho kinachoshika kila molekuli inayokuja na kuigeuza upande unaofaa kabla ya kuiunga, mamilioni ya mara, bila kusahau. Ndiyo maana vyombo vingi vya polipropilini vinaweza kutakaswa hospitalini kwa mvuke wa nyuzi 121. Ziegler na Natta walituzwa Nobel kwa pamoja mwaka 1963.

Vichocheo vya mwanzo vilifanya kazi kidogo, na plastiki ililazimika kuoshwa kuondoa mabaki yake. Baadaye titani iliwekwa juu ya kloridi ya magnesi, na uwezo wake ukapanda mpaka gramu moja ya kichocheo ikazaa makumi ya kilo za plastiki. Punje za polipropilini zinazofika Eneo la Viwanda kutoka bandari ya Mombasa huja katika mifuko ya kilo 25. Kwa kawaida mfuko mzima huo umetokana na kichocheo kisichofika gramu moja, nacho kimebaki humohumo, kimetawanyika kiasi kwamba hakuna jicho litakalokiona.

Mitungi ya njano ina asili nyingine. Mwaka 1951, J. Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips huko Oklahoma, Marekani, waligundua kuwa kromi iliyotandazwa juu ya silika, madini ya mchanga, hugeuza ethilini kuwa polithini ngumu. Kichocheo hicho hutengeneza minyororo ya urefu unaotofautiana sana, mifupi kwa mirefu. Hilo linaweza kuonekana kama kasoro mpaka usimame kando ya mashine ya kupulizia mitungi. Plastiki iliyoyeyuka hushuka kama bomba laini linaloning'inia hewani kwa sekunde kadhaa, likisubiri kalibu ifunge na hewa ipulizwe ndani. Minyororo mifupi ndiyo inayoiwezesha kutiririka, na ile mirefu sana ndiyo inayoishika isidondoke kwa uzito wake. Ukiweka hapo punje zilizotengenezwa kwa ajili ya beseni au kifuniko, bomba hilo litarefuka kama kamasi na mtungi utatoka mwembamba juu na mnene chini. Vyote viwili, mtungi na kifuniko, vinaweza kuwa na alama ya namba 2, ile ya polithini ngumu, iliyopigwa chini yake. Wanaokusanya taka za plastiki Dandora wamejifunza kutenganisha kwa mkono na kwa sikio, wakipiga kipande na kusikiliza mlio wake, na mimi nauheshimu ujuzi huo, lakini alama yenyewe haiwaambii lolote kuhusu jambo hili, na nadhani hilo ni pengo la kweli katika biashara yetu ya kurejeleza.

Kizazi kilichofuata nitakitaja kwa ufupi. Huko Hamburg, katika miaka ya 1970, Walter Kaminsky na Hansjörg Sinn waliona kuwa maji kidogo, ambayo kila mtu aliyaogopa kama sumu ya vichocheo vya alumini, yaliamsha kichocheo cha zirkoni kikafanya kazi kwa nguvu isiyotarajiwa. Katika vichocheo hivyo kila kituo cha kazi, yaani mahali mnyororo unapoungwa, kinafanana na mwenzake, kwa hiyo minyororo hutoka karibu sawasawa, na leo hutumika kutengeneza filamu nyembamba zisizochanika kirahisi na zinazofungika kwa joto dogo.

Punje hizo zote hutufikia zikiwa zimeshafungishwa ndoa mbali na hapa. Kuna plastiki nyingine ambazo kichocheo chake hufika Nairobi kikiwa hai, na mtu wa Nairobi ndiye anayekipima. Fibaglasi ni mojawapo. Nyingine ni godoro.

Nilipomaliza chuo niliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha magodoro, Eneo la Viwanda, nikakaa huko miaka 6. Povu la godoro ni poliuretheni, plastiki iliyotokana na kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen mwaka 1937. Ndani ya kichwa cha mashine hukutana polioli, ambayo ni nzito kama mafuta ya kupikia, aisosaineti, ambayo ni kali na haipaswi kuvutwa puani hata kidogo, na maji. Aisosaineti ikikutana na polioli huzaa plastiki. Ikikutana na maji huzaa gesi ya kaboni dioksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoumua povu kama unga wa mandazi uliokolea hamira. Kwa hiyo kuna mashindano mawili yanayokwenda kwa wakati mmoja, na kila moja lina mshenga wake. Amini, msombo wenye naitrojeni, huharakisha zaidi upande wa gesi, na msombo wa bati huharakisha zaidi upande wa plastiki. Bati hilo ni kama sehemu 0.2 tu kwa kila sehemu 100 za polioli, lakini ndilo lililoninyima usingizi.

Bati likipungua, gesi hutangulia kabla kuta za vipovu hazijapata nguvu, na bonge zima la povu hupasuka katikati. Likizidi, kuta hukaza mno, vipovu hubaki vimefungwa, na bonge lililosimama vizuri jioni hukutwa asubuhi limesinyaa kama tunda lililokaa juani. Kipimo kikiwa sawa, povu hupanda kwa dakika moja na nusu hadi mbili, likifika kilele vipovu vidogo hupasuka kote juu yake kama uji unaochemka, na kusikia mnong'ono huo ulikuwa kwangu furaha ya kila siku. Jumatatu moja mabonge matatu mfululizo yalipasuka. Tulikagua pampu, tukakagua polioli, tukapima maji, mpaka mwenzangu mmoja akaliendea debe la bati na kukuta kifuniko chake hakikufungwa tangu Ijumaa. Msombo huo hauvumilii hewa wala unyevu. Ulikuwa bado na rangi ileile na uzito uleule, lakini nguvu zake zilikuwa zimekwisha.

Kisha kuna jambo la mahali. Tuliwahi kuletewa fomula na muuzaji wa kemikali wa ng'ambo, iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa katika mji ulio kando ya bahari, na hapa ikatupa povu jepesi kuliko tulivyoagiza, lenye nyufa pembeni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake hukandamiza kwa takriban nne kwa tano ya nguvu ya hewa ya Mombasa. Gesi ileile hujitanua zaidi inapokandamizwa kidogo. Ikatubidi tupunguze maji na kupima bati upya, sampuli baada ya sampuli, katika maboksi ya karatasi ngumu, mpaka tukapata fomula yetu. Naamini ujuzi wa namna hiyo, ambao hauwezi kuagizwa kwa meli, unastahili kuandikwa na kuhifadhiwa kuliko tunavyofanya.

Bonge likishapanda, kazi ya kichocheo huwa haijaisha. Ndani yake joto huendelea kupanda hata kupita nyuzi 140, na kwa kuwa povu halipitishi joto, kitovu cha bonge hukaa na moto huo kwa saa nyingi. Ndiyo maana mabonge mapya hulazwa usiku kucha yakiwa yameachana, kila moja peke yake, na mtu wa zamu hupita kati yao akipima joto na kunusa. Kiwanda kikikosea fomula halafu kikayabananisha mabonge ili kuokoa nafasi, kinaita moto.

Bati hilohilo la godoro, nilikuja kujua baadaye, hutumika kufungua pete za laktidi, kitu kinachotokana na asidi inayochachushwa kutoka kwa wanga wa mahindi, na kuziunga kuwa plastiki ambayo mwili unaweza kuiyeyusha. Plastiki za jamii hiyo hutengenezewa nyuzi za kushonea vidonda zisizohitaji kutolewa. Madaktari wa meno nao wana kichocheo chao, platini, ndani ya silikoni wanayotumia kuchukua umbo la meno; wanajua kuwa wakiikanda kwa glavu za mpira wa kawaida, salfa iliyomo katika mpira huo huweza kuinyamazisha platini, na silikoni ikabaki inanata upande ulioguswa. Nilipolisoma hilo niliikumbuka mara moja ile bampa ya Julai, ingawa sababu zake ni tofauti.

Na ninamkumbuka mwenzetu wa Kariobangi. Ilikuwa mwaka wangu wa pili pale. Hadina ilikuwa imemiminwa katika chupa ya soda kwa sababu dumu lake lilikuwa zito kuinamisha, na yeye, katika haraka ya kumaliza oda, alitia hadina kidogo kwenye kopo tupu, kisha akaongeza kobalti juu yake kabla ya resini kuingia. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba vitu hivyo viwili havikutanishwi kamwe ana kwa ana, kwamba lazima resini iwe kati yao. Nilisikia mlio kama wa mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji, nikaona moshi mweupe, halafu moto. Aliungua mkono wa kulia na sehemu ya shingo. Onyo lilikuwepo kwenye dumu la awali, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, upande ulioelekea ukutani.

Bado napita karakana ile mara mojamoja. Mzee amestaafu, na mwanawe ndiye fundi mkuu sasa. Mwaka jana nilimpelekea mizani ndogo ya kidijitali, kipimajoto cha ukutani, na karatasi mbili nilizoandika kwa kalamu nene nikazipaka nailoni zisilowe. Kobalti inakaa kwenye rafu ya kushoto, juu ya meza ya kukatia mikeka; hadina iko upande wa pili wa chumba, ndani ya dumu lake lenyewe, kwenye kivuli, na miwani ya kukinga macho imetundikwa juu yake. Karatasi ya kushoto inasema: KOBALTI. KICHOCHEO. TANGULIZA HII, KOROGA MPAKA RANGI IENEE. Ya kulia inasema: HADINA. PIMA KWA MIZANI, TAZAMA JOTO LA LEO. ISIKUTANE NA KOBALTI NJE YA RESINI. Chini ya mstari huo wa mwisho, mwanawe Mzee ameongeza kwa mkono wake vipimo vya Julai.